Nishati Jadidifu na Gridi ya Taifa: Kamati ya Parokia Ijiulize Nini Kabla ya Kujenga?



Ukisimama Litumbandyosi ukatazama pande zote, huwezi kusema kwamba tumenyimwa nishati. Jua lipo siku nyingi za mwaka. Maji ya mito na vijito vya nchi hii hushuka kutoka milima ya Umatengo kuelekea Ziwa Nyasa. Chini ya ardhi ya wilaya hiihii ya Mbinga kuna makaa ya mawe, ambayo tangu mwaka 2011 yamekuwa yakichimbwa Ngaka na kupakiwa kwenye malori kwenda viwandani na bandarini. Pamoja na hayo yote, kwa miaka mingi mtoto wa huku amesoma kwa kibatari, na mama amejifungua kwa mwanga wa tochi.

Ndiyo maana kamati za parokia zinapokaa kupanga maendeleo, swali la umeme haliachi kujitokeza. Wapo wanaosema, "Tuombe wafadhili watununulie sola." Wapo wanaosema, "Tuna maporomoko ya maji, tujenge mtambo wetu." Na wapo wanaosema, "Tusihangaike, nguzo za TANESCO zinakuja." Kila upande una hoja. Lakini mara nyingi tunajadili kana kwamba ni lazima kuchagua moja na kuacha mengine, jua au maji upande mmoja na Gridi ya Taifa upande wa pili.

Katika makala hii tunapenda kueleza kwamba mambo hayo hukutana, tupende tusipende. Mtambo unaojengwa leo porini, kesho nguzo itaufikia. Kufua umeme ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuuunganisha umeme huo na mfumo wa nchi. Kamati au mfadhili anayepanga nusu ya kwanza peke yake anaweza kujikuta na mtambo mzuri usioweza kulipa gharama zake. Mkoa wetu wa Ruvuma umeshapita katika njia hiyo, na yapo ya kujifunza.

GRIDI YA TAIFA NI NINI?

Gridi ni mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo yote mikubwa ya kufua umeme na wateja wote, ili kila mtambo usaidie mwenzake. Umeme unaowasha taa Mbinga leo haujulikani umetoka mtambo gani. Yote yanaingia katika kapu moja na kutoka katika kapu hilo.

Ili tuelewane, tufikirie mgonjwa anayebebwa kwa machela kutoka kijijini hadi zahanati. Wabebaji wanne wanakwenda hatua moja. Wakifika mlimani mzigo unawaelemea, mwendo unapungua. Wakiteremka, mwendo unataka kuwazidi. Mtu wa tano akija kusaidia, hawezi kudaka mti kwa ghafla, kwa kuwa atawayumbisha wenzake na mgonjwa ataanguka. Inampasa kwanza atembee kando yao, ashike hatua yao, ndipo aingize bega.

Gridi inafanya kazi hivyohivyo. Hapa Tanzania umeme wa gridi unakwenda kwa mizunguko 50 kila sekunde, na kila mtambo ulioungwa lazima uende kwa mwendo huo. Watu wakiwasha mashine nyingi kwa wakati mmoja, mzigo unaongezeka na mwendo unaelekea kushuka. Mitambo ikifua kuliko kinachotumika, mwendo unaelekea kupanda. Wasimamizi wa gridi hukaa usiku na mchana wakiongeza hapa na kupunguza pale. Wasipofanikiwa, vifaa vya ulinzi hukata umeme vyenyewe ili mitambo isiharibike, na ndipo tunapopata giza la nchi nzima kama lililotokea tarehe 1 Aprili 2024.

Kwa hiyo mtambo mdogo unaotaka kujiunga na gridi ni sawa na yule mbebaji wa tano. Nguvu peke yake hazitoshi. Ni lazima uwe na vifaa vya kushika mwendo wa wenzake kabla ya kuunganishwa, na vya kujitoa haraka panapotokea hitilafu.

RUVUMA ILIVYOINGIA KATIKA GRIDI

Vijana wa leo huenda wasikumbuke, lakini hadi mwaka 2018 Songea na Mbinga hazikuwa kwenye Gridi ya Taifa. Miji hiyo ilipata umeme wa jenereta za dizeli. Mafuta yalisafirishwa kwa malori kutoka mbali, na barabara ilipoharibika au jenereta ilipogoma, mji mzima ulikaa gizani. Umeme wa dizeli ni wa gharama kubwa sana kuufua, lakini TANESCO iliuuza kwa bei ileile inayolipwa na wateja wa nchi nzima. Maana yake ni kwamba shirika lilipata hasara kwa karibu kila uniti iliyouzwa huku kwetu.

Mwaka 2018 ilikamilika njia ya kusafirisha umeme kutoka Makambako hadi Songea, yenye msongo wa kilovoti 220 na urefu wa kilomita zipatazo 250. Mradi huo uligharimiwa na serikali ya Tanzania pamoja na Sweden, na ulikuwa na vituo vya kupoza umeme Madaba na Songea. Kutoka hapo nyaya za msongo mdogo zaidi zilienda kwenye miji ya wilaya na vijijini, kwa kazi ya TANESCO na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Jenereta zikapumzishwa.

Hilo lilikuwa jambo la furaha. Lakini hapohapo lilizuka swali ambalo wengi hawakulifikiria: ile mitambo midogo ya maji iliyojengwa wakati wa dizeli itakuwaje?

MASISTA WA CHIPOLE NA MTO RUVUMA

Miaka michache kabla njia ya Makambako haijafika, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walifanya jambo ambalo wengi waliona haliwezekani kwa shirika la watawa. Walijenga mtambo wa umeme wa maji Tulila, kwenye Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5. Ulianza kazi mwaka 2015, na umeme wake ukauzwa kwa TANESCO ili uingie katika mfumo wa Songea. Wilayani Mbinga nako, eneo la Mbangamao, kampuni ya Andoya ilijenga mtambo mdogo wa maji wa takribani megawati 1, nao ukauza kwa TANESCO.

Tuangalie vizuri walichofanya. Masista hawakujenga mtambo wa kuwasha konventi na shule tu. Mtambo wa namna hiyo ungetumia sehemu ndogo ya nguvu za mto, na sehemu kubwa ya maji yangepita bure usiku kucha. Walijenga kwa kufikiria mnunuzi. Kila uniti ya maji iliyoingia Songea ilipunguza lita za dizeli zilizohitajika mjini. Hospitali, mashine za kusaga, na maduka ya Songea vilinufaika na mto uleule.

Walifanya hivyo kwa sababu nchi ilikuwa imefungua mlango. Kuanzia mwaka 2008 na 2009, mamlaka ya udhibiti, yaani EWURA, iliweka utaratibu kwa wazalishaji wadogo, wale wanaouza kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Mkataba ukaandikwa wa aina moja kwa wote, na bei ikatangazwa hadharani, ili mzalishaji mdogo asilazimike kukaa mezani peke yake na shirika kubwa kuvutana juu ya kila kifungu. Kwa watu wa parokia utaratibu huo ulikuwa mkombozi. Kabla ya hapo mtu asingeweza hata kwenda benki, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha atauza umeme kwa nani na kwa shilingi ngapi.

BEI HUBADILIKA NGUZO IKIFIKA

Hapa ndipo penye somo kubwa, na tunaomba wanakamati na wafadhili wasome kwa utulivu.

Katika utaratibu ule wa kwanza zilikuwapo bei mbili. Aliyeuza kwenye mji wa dizeli ambao haujaunganishwa na gridi alilipwa bei ya juu, kwa kuwa umeme wake uliokoa mafuta ya bei ghali. Aliyeuza kwenye Gridi ya Taifa alilipwa bei ya chini, kwa kuwa gridi ina umeme wa maji na gesi ambao ni rahisi zaidi. Kwa mfano, mwaka 2012 bei ya wastani kwenye gridi ilikuwa kama shilingi 152 kwa uniti, wakati kwenye miji ya dizeli ilikuwa kama shilingi 480.

Tuchukue mfano wa mtambo wa kilowati 500. Kwa saa moja ya kazi kamili unafua uniti 500. Kwa bei ya mji wa dizeli ya mwaka ule, saa hiyo ingeleta kama shilingi 240,000. Kwa bei ya gridi, saa hiyohiyo ingeleta kama shilingi 76,000. Mto ni uleule, mashine ni ileile, na fundi analipwa mshahara uleule, ila mapato yameshuka hadi chini ya theluthi moja. Aliyekopa benki kwa kutegemea shilingi 480, siku gridi inapofika mjini kwake hesabu zake zote zinapaswa kuandikwa upya.

Hatusemi kwamba yeyote kati ya wazalishaji tuliowataja alipatwa na hasara hiyo. Kila mmoja ana mkataba wake, na mwaka 2015 utaratibu wa bei ulibadilishwa ili bei ifuate aina ya nishati na ukubwa wa mtambo. Tunachosema ni kwamba kufika kwa gridi, ambako kwa mwananchi ni baraka, kwa mwenye mtambo mdogo kunaweza kuwa mtihani. Ni lazima mtihani huo uandikwe katika mpango siku ya kwanza, wala usisubiri siku mafundi wanapochimba mashimo ya nguzo.

Gridi inapofika mahali penye mtambo mdogo wenye nyaya zake na wateja wake, kanuni za EWURA zinaacha njia kadhaa. Mwenye mtambo anaweza kuuza umeme wote kwa TANESCO kwa jumla. Anaweza kuacha kufua, akanunua umeme wa TANESCO kwa jumla na kuusambaza kwa wateja wake kwa nyaya zake. Anaweza kufanya yote mawili. Au anaweza kukabidhi miundombinu yake na kulipwa fidia kwa kufuata masharti. Lakini njia hizo zinafunguka tu kwa mradi uliosajiliwa na uliojengwa kwa viwango. Nyaya zilizofungwa kwenye miti ya mikaratusi isiyotiwa dawa, zikapita bila vipimo, hakuna atakayezinunua. Zitang'olewa.

JUA, MAJI NA UPEPO HAVIJI KWA RATIBA YETU

Jambo la pili ambalo kamati inapaswa kulielewa ni tabia ya nishati jadidifu yenyewe.

Maji ya kwetu yana majira. Mvua za Ruvuma huanza karibu Novemba na kuisha Aprili au Mei, halafu mito hupungua hadi mvua nyingine. Sasa tazama kalenda ya mkulima wa Umatengo. Kahawa huvunwa wakati wa kiangazi, na ndipo mitambo ya kumenya na kuosha kahawa inapofanya kazi kwa nguvu. Kwa maneno mengine, mahitaji ya umeme yanapanda majira yaleyale mto unaposhuka. Mtambo wa kijito unaosimama peke yake hauwezi kukwepa tatizo hilo. Ukijengwa mkubwa kwa ajili ya masika, kiangazi utalala. Ukijengwa mdogo kwa ajili ya kiangazi, masika maji yatapita bure.

Jua nalo lina saa zake. Paneli zinafua vizuri kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Lakini familia nyingi huhitaji umeme zaidi kati ya saa moja na saa nne usiku, baba na mama wakiwa wamerudi shambani, watoto wakisoma, na redio na televisheni zikiwa zimewashwa. Bila betri, paneli hazina msaada saa hizo. Na betri ndicho kifaa kinachokufa kwanza. Sola nyingi zilizotolewa kwa zahanati na shule zimenyamaza kwa sababu betri zilichoka na hakuna aliyekuwa ameweka fedha za kununua nyingine, ingawa paneli juu ya bati bado ni nzima.

Gridi inasaidia kwa kuunganisha nishati zenye tabia tofauti. Wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012, ukauza kwenye gridi na kuhudumia vijiji vinavyouzunguka. Mwaka 2020 wenyewe waliongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4. Sababu ni kwamba kule nyanda za juu upepo huvuma vizuri majira ya kiangazi, wakati mto umepungua. Mmoja akichoka, mwingine anapokea mzigo.

Kwa nchi nzima, bwawa kubwa hufanya kazi ya ghala. Mchana jua likiwaka, mitambo ya bwawa inaweza kupunguzwa na maji yakabaki. Jioni maji yanafunguliwa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwezi Februari 2024, na yote tisa ilikuwa imekamilika mwaka 2025. Ghala la namna hiyo linawezesha nchi kupokea umeme zaidi wa jua na upepo bila gridi kuyumba.

Lakini ghala nalo si dawa ya kila kitu. Wazee wetu hawaweki akiba yote katika kihenge kimoja. Ukame wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 ulikausha mabwawa, tukawa na mgawo mkali wa umeme. Mwishoni mwa mwaka 2023 mgawo ulirudi. Kisha, mwezi Machi 2024, mvua zilipokuwa nyingi na Bwawa la Nyerere limeanza kazi, TANESCO ilitangaza kwamba imezima baadhi ya mitambo ya maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Katika miezi michache tu nchi ilitoka kwenye upungufu ikaingia kwenye ziada. Mzalishaji mdogo anapaswa kuuliza swali gumu: je, siku ambayo gridi imeshiba, umeme wangu utanunuliwa? Jibu lipo katika mkataba, au halipo kabisa.

FUNDISHO KUTOKA TURKANA

Majirani zetu wa Kenya wamelipa gharama ya fundisho ambalo sisi tunaweza kulipata bure. Karibu na Ziwa Turkana, kaskazini mwa nchi hiyo, palijengwa shamba la upepo lenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa imekamilika mwaka 2017. Upepo ulikuwapo, mafundi walikuwapo, na mapanga yalikuwa tayari kuzunguka. Kilichokosekana ni njia ya kusafirisha umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, kutoka Loiyangalani hadi Suswa. Njia ilichelewa, na mitambo ikakaa bila kuuza hadi mwaka 2018. Kwa kuwa mkataba ulisema hivyo, wananchi wa Kenya wakabebeshwa malipo ya fidia kwa umeme ambao hawakuutumia.

Kama nchi yenye wataalamu wengi inaweza kukamilisha mtambo kabla ya waya, basi kamati ya parokia inaweza pia. Mtambo una jiwe la msingi, picha na sherehe. Waya hauna sherehe. Ndiyo maana husahaulika katika bajeti.

USALAMA: MKATO WA UMEME UNAPOKUWA HATARI

Lipo jambo moja dogo ambalo linaweza kuua mtu, na kila parokia yenye jenereta au sola inapaswa kulijua.

Nguzo ikianguka, TANESCO hukata umeme ili mafundi wapande salama. Fundi anaamini waya hauna kitu. Ikiwa jenereta ya parokia imechomekwa kwenye nyaya za jengo bila kutenganishwa na nyaya za nje, umeme unarudi nyuma, unapita kwenye mita hadi kwenye transfoma, na pale unakuzwa hadi maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo anapigwa na umeme uliotoka nyumbani kwa padre.

Kinga yake si ghali. Ni swichi ya kubadilishia umeme, ambayo inaruhusu jengo kutumia gridi au jenereta, lakini kamwe si vyote viwili kwa pamoja. Kwa sola iliyoungwa na gridi, inveta yake lazima iwe ya aina inayojizima mara gridi inapokatika. Kwa mtambo wa maji unaouza kwa TANESCO, vifaa vya ulinzi vinakaguliwa kabla ya kuwashwa. Usikubali fundi anayekwambia kwamba vitu hivyo ni anasa.

KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa kamati za Litumbandyosi, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na kwingineko, na kwa marafiki wanaozisaidia:

(a) Mulizeni meneja wa TANESCO wa wilaya nguzo ziko wapi leo na mpango wa REA unasemaje. Nendeni wawili au watatu, mkaandike majibu na tarehe. Kama gridi imeshafika au inakaribia, kuunganishwa kwa gharama ya kijijini ya shilingi 27,000 kunaweza kuwa rahisi kuliko mradi wowote wa kuomba nje. Fedha za wafadhili zitumike kusuka nyaya vizuri ndani ya majengo na kununua mashine za uzalishaji.

(b) Zahanati isisubiri. Friji ya chanjo na taa ya chumba cha kujifungulia zinastahili sola hata kama gridi imefika, kwa kuwa gridi hukatika. Lakini bajeti iwe na mfuko wa betri tangu mwanzo. Kila mwezi kiasi fulani kiwekwe, na kisiguswe kwa harambee nyingine.

(c) Kama mna maporomoko, pimeni maji kabla ya kupima ndoto. Kipimo cha mwezi Machi hakitoshi. Pimeni hasa Septemba na Oktoba, na si kwa mwaka mmoja tu. Wazee wa kijiji wanajua miaka ambayo kijito kilikauka, waulizeni. Ulizeni pia ofisi ya bonde la maji juu ya kibali cha kutumia maji, na wakulima wa chini ya mto juu ya mashamba yao.

(d) Jisajilini. Mtambo ulio chini ya megawati 1 haudaiwi leseni kamili, lakini unapaswa kujulikana na EWURA. Usajili ndio unaowapa haki ya kusikilizwa gridi inapofika.

(e) Jengeni kwa viwango vya TANESCO hata kama leo mko peke yenu: nguzo, nyaya, transfoma na mita. Inagharimu zaidi mwanzoni, lakini siku ya kuunganishwa hamtaanza upya.

(f) Andikeni hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ni ya maisha bila gridi, na ya pili ni ya maisha baada ya gridi kufika, kwa bei ya chini. Mradi ukifaulu katika hesabu ya kwanza tu, usiuanze kwa mkopo.

(g) Chungeni chanzo cha maji. Msitu ukikatwa juu, mtambo hufa chini. Ngolo za Wamatengo, ambazo huzuia udongo na kuruhusu maji kuzama taratibu, ni sehemu ya mradi wa umeme kama ilivyo mashine yenyewe.

(h) Sola ya shule au ya nyumba ya parokia ikiwa na ziada mchana, ulizeni juu ya kanuni za mwaka 2018 zinazoruhusu mteja kuingiza ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa katika mita. Ulizeni kabla ya kununua inveta, wala si baada.

Kwa wafadhili tunaongeza neno moja. Mara nyingi fomu za maombi huuliza, "Mtambo utakuwa na uwezo gani?" na "Watu wangapi watanufaika?" Tunaomba liongezwe swali la tatu: "Siku gridi itakapofika, mradi huu utafanya nini?" Kamati inayoweza kulijibu kwa ukurasa mmoja imefikiri. Isiyoweza, isaidiwe kufikiri kabla ya kupewa fedha.

Nguvu ya umiliki isisahaulike pia. Ng'ambo ya Mto Ruhuhu, wilayani Ludewa, mtambo wa maji wa Mawengi wenye kilowati 300 ulijengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia na kukabidhiwa kwa jumuiya ya watumiaji, LUMAMA, jina lililotokana na Lupande, Mawengi na Madunda. Wananchi wenyewe wanalipa, wanasimamia na wanajua mapato. Pale ambapo mtambo ni "wa mzungu" au "wa padre", ukiharibika watu husubiri mzungu au padre arudi.

HITIMISHO

Litumbandyosi haihitaji kuchagua kati ya jua lake, mito yake na nguzo za serikali. Kama mtu wa tano kwenye machela, mtambo mdogo una nafasi yake na bega lake linahitajika. Ila ni lazima ushike hatua, ujue mzigo ni wa kilo ngapi, na ujue njia inaelekea wapi. Masista wa Chipole walionyesha kwamba watu wa imani na wa kijijini wanaweza kuingiza bega katika mfumo wa nchi. Kazi yetu ni kujiandaa kama walivyojiandaa wao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Umeme wa parokia yetu leo unatoka wapi, na kila mwezi unagharimu kiasi gani?
2. Betri au jenereta yetu ikifa mwezi ujao, fedha za kununua nyingine ziko wapi?
3. Je, jenereta yetu ina swichi ya kubadilishia umeme? Nani ameikagua kwa macho yake?
4. Kijito chetu kina maji kiasi gani mwezi Oktoba, na nani alipima?
5. Kama tuna mradi wa umeme, umeandikishwa wapi, na gridi ikifika tutafuata njia ipi?